Dakika Tano za Kukaa Kimya

Muuguzi aliyenipima shinikizo la damu siku ile hakuwa na haraka hata kidogo, na utulivu wake ndio uliokuwa chanzo cha yote ninayotaka kuyaeleza hapa. Nilikuwa nimekwenda kwa jambo jingine kabisa, cheti cha afya kilichotakiwa kazini, nikiwa na umri wa miaka 47 na imani kwamba mwili wangu haukuwa na deni kubwa nami. Kipimo cha kwanza kilisoma 152 kwa 96. Muuguzi akakitazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, "Kaka, umepanda ngazi mbio, na tangu uingie hujanyamaza. Kaa dakika tano. Usiseme neno, usipandishe mguu juu ya mguu, mkono uulaze hapa mezani, halafu tutapima tena."

Nikakaa. Katika dakika ya kwanza mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta simu, naye akanitikisia kichwa. Katika dakika ya pili niliwaza kazi zilizokuwa zikinisubiri. Dakika ya tatu nikaanza kusikia feni ikizunguka juu yangu, ikitoa mlio mdogo kila ilipomaliza mzunguko, na dakika ya nne nikaona kwamba kulikuwa na mraba wa jua sakafuni uliokuwa ukisogea taratibu kuelekea kwenye kiatu changu. Kufikia ya tano nilikuwa nimegundua jambo lililonitia aibu: sikuweza kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikaa dakika tano nzima bila kufanya lolote.

Kipimo cha pili kilishuka, lakini hakikushuka vya kutosha. Madaktari wengi huhesabu 140 kwa 90 kuwa mpaka, na presha haitangazwi kwa kipimo cha siku moja, kwa hiyo nilirudi mara mbili zaidi katika siku tofauti, na mara zote mbili namba zangu zilikaa juu ya mpaka huo. Nikaandikiwa kidonge kimoja kwa siku, nikashauriwa kupunguza chumvi, kupunguza uzito, kutembea, kulala vya kutosha na kununua kipimo cha nyumbani. Ushauri wote ulikuwa sahihi, lakini namna nilivyoupokea haikuwa sahihi hata kidogo.

Niliupokea kama mtu aliyetangaziwa vita. Jumapili ile usiku niliandika karatasi yenye mambo tisa ya kuanza Jumatatu asubuhi, kuanzia kuamka saa kumi na moja alfajiri hadi kutogusa sukari, nikaibandika mlangoni ambapo watu wote wa nyumbani wangeiona, labda kwa kutaka mashahidi. Nilikimbia nikiwa na hasira. Nilikula nikihesabu. Usingizi nao niliulazimisha, jambo ambalo yeyote aliyewahi kulijaribu anajua linavyoishia. Katika wiki ya tatu binti yangu mdogo aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua kweli, kama ile karatasi ingeondolewa lini ili baba arudi kuwa kama zamani. Siku ya Alhamisi ya wiki hiyohiyo mvua ilinyesha alfajiri, sikukimbia, na mambo manane yaliyobaki yakaporomoka pamoja na lile moja.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na kwa muda mrefu nilidhani walikuwa wakizungumzia mazoea mabaya tu. Sasa naona kwamba taabu iko pande zote mbili: ya zamani ni taabu kuyaacha, na mapya ni taabu kuyapata. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha utafiti uliowafuata watu 96 waliokuwa wamejichagulia kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya, na kulitenda kila siku katika wakati uleule, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lile lianze kutendeka lenyewe bila kusukumwa, lakini wapo waliofika kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Kilichonifariji zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Laiti ningelijua hilo siku ile ya mvua. Tena watu wale walichagua jambo moja, wakalifunga kwenye jambo lililokuwa tayari likitendeka kila siku, ilhali mimi nilichagua tisa na kuyafunga kwenye hofu.

Hofu humwamsha mtu vizuri sana, ila haiwezi kumtembeza kwa miaka thelathini. Ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza pale zahanati: katika yale yote niliyoambiwa nifanye, ni lipi ambalo ningelifanya hata kama lisingerefusha maisha yangu kwa saa moja? Baada ya kutafakari sana nilipata jibu moja tu, nalo si kukimbia. Ni kutembea nikiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mtu huyo alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na kitu, ambaye nilikuwa nikimwona kila jioni akipita na fimbo yake asiyoihitaji. Nilimwomba tuongozane. Akasema, "Karibu, mwanangu, lakini mimi siendi mbali wala siendi haraka, na nikikutana na jambo la kutazama husimama." Nilikubali masharti yote matatu. Kwa miezi ya mwanzo nilivaa saa inayohesabu hatua, na Mwalimu aliniona nikiitazama kila dakika chache, hadi jioni moja akaniuliza kwa adabu zote kama nilikuwa na miadi mahali fulani.

Nilimweleza habari ya hatua 10,000. Akataka kujua nani aliyezihesabu akapata namba iliyokamilika namna ile, nami nilipokwenda kutafuta nikakuta kwamba shaka yake ya kiualimu ilikuwa na msingi. Namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kikiwa na jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa kabla ya kuwa ushauri wa afya. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee wapatao 17,000 nchini Marekani, wakaona kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa kiasi kikubwa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, haliweki lengo la idadi ya hatua. Linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au nusu ya muda huo kwa shughuli ya nguvu, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili, na linasisitiza kwamba hata kidogo ni bora kuliko kutofanya kitu. Nusu saa na Mwalimu, siku tano za wiki, inatimiza dakika 150 kamili, na hiyo ni pamoja na kusimama kwake. Basi, tuseme karibu kamili.

Saa ile sasa iko kwenye droo.

Habari ninayoipenda kuliko zote katika mambo haya ni ya mabasi ya ghorofa ya London. Daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva, waliokaa kwenye kiti siku nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka mamia ya ngazi za basi kila siku wakikata tiketi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1953 wakaonyesha kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Watu wale walikuwa wa kampuni moja, wa mitaa inayofanana, wenye mishahara isiyopishana sana. Ninachompendea Morris ni kwamba hakuishia hapo kujipongeza: mwaka 1956 alichapisha uchunguzi wa vipimo vya sare zao, akaonyesha kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta tangu walipoajiriwa, na hivyo akakiri kwamba ngazi pekee hazikueleza kila kitu. Uchunguzi mwingi uliofuata ulithibitisha kwamba mwendo una faida yake hata hivyo. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Mimi hujiuliza kuhusu wale makondakta, ambao hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akasema anakwenda kufanya mazoezi. Walikwenda kazini, wakazungumza na abiria, wakataniana, wakarudi nyumbani. Mwendo ulikuwa umefichwa ndani ya siku yao, na watu walikuwa ndani ya mwendo.

Kuhusu watu, ushahidi ni mzito kuliko nilivyodhani. Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia vijana wa kiume, na kundi hilo lilipounganishwa na lile la wavulana wa mitaa ya watu maskini ya Boston, jumla ikawa watu 724 waliopimwa damu, kuhojiwa na kutembelewa majumbani kwao kwa miongo na miongo. Robert Waldinger, mkurugenzi wa nne wa utafiti huo, amekuwa akieleza kwamba kuridhika kwa mtu na mahusiano yake akiwa na miaka 50 kulibashiri afya yake ya miaka 80 vizuri zaidi kuliko kiwango chake cha kolesteroli. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye zaidi ya watu 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 50 wa kuwa hai mwisho wa kipindi cha utafiti. Tafiti za namna hii haziwezi kuthibitisha kwamba urafiki ndio sababu, kwa kuwa mgonjwa naye hupungukiwa na marafiki kwa sababu ya ugonjwa wake, lakini kwa mtu aliyekuwa akifunga mlango ili akimbie peke yake kwa hasira, zilinitosha kuufungua.

Hapa nikiri jambo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba furaha ni kitu kinachokuja mwishoni, baada ya kazi kukamilika, deni kulipwa na mwili kupungua. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu nchini Marekani, wakawalinganisha na watu wa kawaida wa maeneo yaleyale. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa kiasi cha kuhesabika, na walipoulizwa kuhusu mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, kusikia mzaha au kusoma jarida, walisema wanayafurahia kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Washindi 22 ni wachache mno kujengea sheria ya maisha. Hata hivyo niliposoma orodha ile ya mambo madogo nilishtuka, kwa kuwa sikuwa nimeshinda senti moja na bado nilikuwa nimeyapoteza yote.

Kwa hiyo nilianza kuyatafuta, na mahali pa kuanzia palikuwa palepale muuguzi aliponiweka. Kipimo changu cha nyumbani kilinidai dakika tano za kukaa kimya kila asubuhi kabla ya kubonyeza kitufe, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Niliweka kiti karibu na dirisha. Kulikuwa na mti nje. Mtafiti Roger Ulrich, mwaka 1984, alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao wakiwa na dirisha linalotazama miti na nusu linalotazama ukuta wa matofali. Wenye miti walitoka hospitalini mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Mimi sikuwa nimefanyiwa upasuaji, ila nadhani nilikuwa nikiishi mbele ya ukuta kwa muda mrefu.

Karibu na namba za presha kwenye daftari nikaanza kuandika neno moja au mawili juu ya kilichonipendeza katika dakika zile tano. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kujilazimisha, kama mwanafunzi anayejaza nafasi: jua, upepo, jua tena. Nilichogundua baada ya wiki kadhaa ni kwamba jicho hufundishika. Nikaanza kuona harufu ya vumbi lililopata matone ya kwanza ya mvua kuwa jambo la kuandikwa, na ubaridi wa shuka safi, na jinsi binti yangu anavyohesabu ngazi akishuka hata sasa ambapo anajua kwamba ni kumi na mbili. Robert Emmons na Michael McCullough, waliojaribu mwaka 2003 kuwaandikisha watu mambo ya kushukuru, waliliomba moja ya makundi yao kuandika mara moja tu kwa wiki, na kundi hilo liliripoti kufanya mazoezi zaidi kuliko wenzao walioandika kero. Nami nimeona kwamba shukrani inayoandikwa kila siku kwa amri huchakaa haraka. Siku isiyo na kitu huwa naandika namba peke yake, nafunga daftari.

Ipo furaha nyingine ambayo haina budi kutajwa, kwa sababu hutumia jina lilelile. Ni raha inayokopa kutoka kesho. Sigara ilikuwa raha yangu ya miaka kumi na tisa, na sitajifanya kwamba haikuwa raha. Richard Doll na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba wavutaji walipoteza kwa wastani miaka kumi hivi ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 50 waliokoa takriban sita, na walioacha wakiwa na 60 waliokoa takriban mitatu. Kila ninapoyataja haya hujitokeza mtu wa kunikumbusha habari za Jeanne Calment, Mfaransa aliyeishi miaka 122 na kufariki mwaka 1997, ambaye alivuta sigara kwa miaka mingi. Ni kweli, alivuta. Mtu mmoja aliyeanguka kutoka juu ya paa akasimama na kujipangusa vumbi si hoja ya kutuhamishia sote kwenye mapaa. Niliacha nikiwa na miaka 44, na ni jambo pekee katika maisha yangu ambalo nililiacha kwa vita na vita ikafaa.

Nitaje pia usingizi, kwa ufupi, kwa kuwa hauna hadithi ndefu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Nilikuwa nalala tano na nusu, nikilaumu mawazo, hadi nilipohamishia simu sebuleni na kununua saa ya mezani yenye kengele. Mawazo yalipungua kwa namna ya ajabu.

Na kidonge bado nakinywa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua jinsi maandishi ya namna hii yanavyosomwa na mtu aliyechoka na dawa zake: furaha haikunitoa kwenye matibabu, na daktari pekee ndiye atakayeamua kupunguza au kuongeza. Kilichobadilika ni kwamba namba zangu zimekaa chini ya mpaka kwa miezi kumi na minne sasa, na kwamba sizitazami tena kama hukumu. Mwalimu, nilipomwambia namba hizo, alisema, "Vizuri, mwanangu," kisha akasimama katikati ya njia kumtazama mtoto aliyekuwa akijifunza kuendesha baiskeli, tukasimama hapo hadi mtoto akafanikiwa kufika kwenye kona bila kuanguka, na tukampigia makofi kama tuliokata tiketi.

Wiki iliyopita niliketi dirishani kama kawaida, mkono ukiwa mezani, mpira wa kipimo ukiwa umefungwa juu ya kiwiko. Juu ya mti kulikuwa na ndege wawili wakigombania kijiti kimoja, kila mmoja akikivuta upande wake, na yule mdogo, ambaye sikumpa nafasi yoyote ya kushinda, hakukubali kukiachia. Niliwatazama hadi walipoondoka, nikafungua mpira mkononi, nikaenda kuoga. Jioni nilipofungua daftari ndipo nilipoona kwamba safu ya tarehe ile ilikuwa tupu: sikuwa nimebonyeza kitufe. Nikachukua kalamu, na mahali pa namba nikaandika kwamba mdogo ndiye aliyekichukua.